Paji la Uso la Shangazi

Ukienda harusini ukamwona mpiga picha ana kile kidude kinachogeuza shingo juu ya kamera, unamheshimu. Naomba usimheshimu. Wengi wetu hatujui kile kidude kinataka nini hapa duniani. Kikiwaka, tunashukuru. Kisipowaka, tunakipiga kofi. Kikiwaka tena, tunamwambia bibi harusi ageuke kidogo, tunajifanya muda wote ule tulikuwa tunapima mwanga. Hiyo ndiyo fani. Mimi imenilipia kodi ya chumba hapa Mbagala, imenisomeshea mtoto, yote kwa kupiga kofi flashi.

Sasa watu wamekuwa wajuaji. Simu zimewaharibu. Zamani unampelekea mtu albamu, anajitafuta, anajiona yumo, kwisha habari. Siku hizi picha zinatua kwenye grupu la kamati kabla wewe hujapata daladala ya kurudi nyumbani. Kamati ileile inayokulipa kwa mafungu inazivuta kwa vidole viwili. Inakuza. Inakagua. Watu wazima na heshima zao wanahesabu matundu ya pua.

Ndiyo yaliyonikuta kwenye sendofu moja kule Tandika. Shangazi wa bibi harusi, mama wa watu, amevaa, amepakwa poda, amekaa meza ya mbele. Nikamwelekezea flashi usoni, paa. Paji la uso likatoka linang'aa kama sufuria iliyotoka kusuguliwa kwa majivu. Nyuma yake ukumbi mweusi tii. Ukumbi uliochangiwa mapambo ya mamilioni! Mwenyekiti akaandika kwenye grupu: "Mpiga picha, mapambo yako wapi?" Nikajibu umeme ulikatika. Dakika hiyohiyo mtu akaweka video ya simu yake. Taa zote zinawaka. Na mimi mwenyewe napita katikati ya video, nina sahani.

Mweka hazina, ambaye mpaka leo ana nusu ya hela yangu, akaandika neno moja tu: "Kasome."

Haya. Nikasome. Nisome nini? Nikashuka Posta kwa wale wauza vitabu vya mtumba wanaovitandaza barabarani. Vitabu vya dini vipo. Vya mitihani vipo. Vya jinsi ya kuwa tajiri vimejaa, na anayeviuza anaomba chenji kwa jirani. Nikamwambia nataka kitabu cha flashi. "Flashi ipo, kaka." Akakichomoa chini kabisa ya rundo. Kinene. Jaladani FLASH, herufi kubwa. Akanitajia bei, nikaikata nusu, akakubali pale pale, hata hakukuna kichwa. Mtu mwenye akili angeshtuka. Mimi nikaomba na mfuko.

Nikaanza kukisoma kwenye daladala, nimesimama, ili watu waone. Sura ya kwanza vikaragosi vinakimbia kwenye skrini. Nikasema kamera itakuja mbele huko. Sura ya pili vitufe. Sura ya tano bado vitufe. Nilipofika nyumbani, dogo mmoja wa jirani, huyu anayenibebea begi la kamera, akakiangalia kwa sekunde mbili tu. "Anko, hii ni programu ya kompyuta. Adobe wenyewe waliacha kuihudumia mwisho wa mwaka 2020." Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, ile adabu ya kumpa mtu pole ya msiba.

Dogo anapenda kusoma. Nilishamwonya kuhusu tabia hiyo.

Yeye ndiye aliyeingia intaneti kwa bando langu akanitafutia kingine. Akarudi anacheka. "Anko, nimepata cha flashi, halafu kimepigwa huku huku kwetu!" Nikafurahi. Nikajua ni Sinza, au mbali sana Morogoro. Kumbe ni cha Mjerumani, Carl Georg Schillings, kilichotoka mwaka 1905, Mit Blitzlicht und Büchse. Maana yake flashi na bunduki. Bwana yule alikuja nyikani kwa Wamasai, upande wa Kilimanjaro, wakati nchi hii iko mikononi mwa Wajerumani, akawa anapiga picha za wanyama usiku. Simba! Anafunga ng'ombe au punda pale, anategesha kamera na baruti ya magnesi, anatandaza uzi. Simba akija kula anagusa uzi, paa, simba amejipiga picha mwenyewe.

Nilikaa na picha zile mpaka saa sita usiku. Nikaumia. Simba wa miaka ile, hajawahi kuona kamera, macho yote mawili wazi, pozi safi. Mimi nina bwana harusi mwenye digrii, namhesabia moja, mbili, tatu, anafumba.

Lakini tatizo langu si simba. Tatizo langu ni shangazi. Na ile baruti nani ataniruhusu kuingia nayo ukumbini? Waliichanganya Wajerumani wawili, Miethe na Gaedicke, mwaka 1887, unga wa magnesi na dawa za kuufanya ulipuke. Ulikuwa unalipuka kweli. Kule New York kulikuwa na mwandishi wa habari, Jacob Riis, aliyeutumia kuingia usiku kwenye vyumba vya maskini ili matajiri waone wenzao wanavyoishi. Kaeleza mwenyewe kwamba alishawahi kuwasha moto nyumba mara mbili, na mara moja akajiwasha yeye. Huyo ndiye bingwa! Nilipoambiwa hivyo nikajisikia vizuri kidogo. Mimi sijaunguza mtu. Nimeng'arisha tu.

Mwishowe nikaenda Kariakoo kwa mzee mmoja mwenye studio ya zamani, ile yenye pazia lenye picha ya maporomoko ya maji. Nikampa shikamoo ndefu. Nikamwambia shida yangu. Akaniuliza, "Flashi yako ina nguvu gani?" Nikamwambia sitini. Akauliza sitini nini. Nikanyamaza. Kwenye boksi wameandika GN 60, na mimi miaka yote nilidhani ni mita. Yaani ukisimama Kariakoo Sokoni unammulika mtu aliye ng'ambo kule. Mzee akaguna. Akasema ile ni namba ya kugawanya. Unachukua 60, unagawa kwa mita ulizosimama, unachopata ndiyo namba ya tundu la lenzi. Mita kumi, tundu la 6. Halafu hapo ni ISO 100, nguvu zote, na kichwa cha flashi kimebanwa mpaka milimita 200, mwanga umekuwa mwembamba. Ukikipanua ili upate meza nzima ya wakwe, ile sitini inashuka vibaya sana. Kwa hiyo hata sitini yenyewe nilikuwa sina.

"Mwanangu," akasema, "wewe hujui kusoma hata boksi, utasoma kitabu?" Lakini akafungua kabati. Mzee anavyo! Vimepangwa, vimefungiwa kwa kufuli. Unaazima kimoja kimoja na unaacha kitambulisho cha NIDA. Niliacha changu, na picha yangu ndani yake, ambayo nayo naona aliyenipiga hakusoma.

Cha kwanza alinipa cha Joe McNally, The Hot Shoe Diaries, cha mwaka 2009. Mmarekani, amepigia National Geographic miaka na miaka. Kinachekesha, kina hadithi, unasoma unasahau kwamba hujifunzi. Yule bwana aliwahi kupanda mpaka ncha ya jengo la Empire State kumpiga picha fundi anayebadilisha balbu. Mimi nikipanda stuli ya ukumbini nashikiwa. Halafu picha moja ana flashi nyingi kuliko balbu za nyumba nzima ninayopanga, tukihesabu na ya chooni. Zote Nikon. Zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Yangu ya Mchina, haiongei na mtu, hata na mimi. Nikakirudisha. Akanipa cha Syl Arena, Speedliter's Handbook. Kizuri, kimenyooka, kila kitufe kimeelezwa. Vitufe vya Canon. Nikakodoa macho kwenye flashi yangu kutafuta kitufe wanachokisema. Hakipo. Mahali pake kuna stika ya "imekaguliwa".

Humo ndimo nilimojifunza kwamba wapiga picha wa kule wana jina la yule mtu anayeshikilia flashi pembeni. Wanamwita stendi inayosikia sauti. Mti unaoambiwa sogea, unasogea. Nikacheka mpaka machozi. Nikamwonyesha dogo: "Ona, ndio wewe huyu." Dogo hakucheka. Aliomba akisome kitabu kidogo, mara moja tu.

Cha tatu ndicho kilichonitia aibu mbele za watu. Neil van Niekerk, mzaliwa wa Afrika Kusini. Nikasema afadhali, huyu mwenzetu. Kitabu chake cha mwaka 2009 ni cha flashi iliyo juu ya kamera, harusini. Mimi mtupu! Anasema usimpige mtu mwanga usoni. Geuza kichwa cha flashi nyuma, juu, kwenye ukuta, kwenye dari, mwanga ugonge kule urudi mpana, mlaini. Halafu unaweka kipande cha sponji nyembamba nyeusi pembeni ya flashi, ukikibana kwa vibanio vya nywele, ili mwanga wa flashi usimfikie moja kwa moja yule unayempiga picha. Rahisi. Vibanio nikachukua vya mke wangu. Sponji nyeusi nikaikosa mtaa mzima. Ndani kulikuwa na kandambili nyeusi, nyembamba kwa uzee. Nikaikata.

Basi nikaingia ukumbini na soli juu ya flashi. Watu wakaanza kugongana viwiko. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kubwa, "Mama, kwa nini yule ana ndara kichwani pa kamera?" MC akadaka. MC akishadaka jambo hana huruma. Akatangaza kwenye spika kwamba mpiga picha wetu leo amekuja na mguu mmoja wa ziada. Nikatabasamu. Kazi ni kazi. Nikageuza kichwa cha flashi juu, nikitafuta dari nyeupe ya kitabu.

Dari iko wapi? Angalia juu, msomaji. Juu kuna turubai. Chini ya turubai wamepamba vitambaa, zambarau na dhahabu, vimevutwa kutoka kila kona mpaka katikati. Mwanga ukapanda mweupe ukashuka zambarau. Bibi harusi zambarau. Keki zambarau. Mchungaji wa watu, zambarau mpaka kwenye meno. Haya mambo hawayaandiki. Wale jamaa wote, kwa heshima zao, wameandikia watu wenye dari. Nyeupe! Ya mita tatu! Na ukuta pembeni! Mimi hapa kwangu ukuta wa pembeni ni wapishi.

Nikarudi kwa mzee nikiwa nimenuna. Akazitazama zile picha muda mrefu sana, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Akanipa vitabu viwili kwa mpigo. Kwa huruma, nadhani.

Kimoja cha Bryan Peterson, Understanding Flash Photography, 2011. Hapo ndipo nilipoambiwa kisa cha ukumbi mweusi, na nikatamani kukipiga picha kipande kile niwatumie kamati, ila nao wangejua sikujua. Ni hivi. Flashi ikiwaka, inawaka kitambo kifupi ajabu, sehemu ya elfu ya sekunde hivi, na ukiipunguza nguvu inakuwa fupi zaidi. Shata ikifunguka sekunde moja kwa mia mbili au moja kwa thelathini, flashi haijali, imeshamaliza na kuondoka. Tundu la lenzi na nguvu ya flashi yenyewe ndivyo vinavyoamua mtu awe mweupe kiasi gani. Shata inakusanya taa za ukumbi. Ukiwa na haraka, mapambo hayaingii. Ukitulia, yanaingia na gharama zake zote. Mimi siku zote niko kwenye moja kwa mia mbili kwa sababu kamera ilikuja hivyo. Nani angethubutu kugusa?

Nilithubutu mara moja kupandisha, nikaenda moja kwa elfu, nikitafuta ubora. Picha ikaja na utepe mweusi. Pazia la shata lilikuwa limeshaanza kufunga flashi ilipowaka. Utepe wenyewe ulimpitia mama mkwe, kuanzia kifua kwenda chini. Familia ile hainisalimii.

Na wajomba. Wajomba wa mstari wa nyuma ndio wanaochangia sana, na ndio wanaopotea gizani. Kumbe mwanga wa flashi unachoka haraka. Aliye mita mbili akipata mwanga wa kutosha, aliye mita nne anapata robo yake. Mita nane, sehemu moja ya kumi na sita. Mjomba aliyetoa mbuzi wawili anapata sehemu moja ya kumi na sita! Mtoto wa jirani aliyejipenyeza mbele bila mwaliko anawaka kuliko bwana harusi. Dawa yake ni kuisogeza flashi mbali, juu, kwenye mti, ili tofauti ya mstari wa mbele na wa nyuma ipungue. Kuisogeza mbali! Na mimi nilikuwa nainama niwe karibu zaidi, natoka jasho, nadhani ndiyo bidii.

Kile kingine ndicho baba yao. Light: Science and Magic, cha Fil Hunter, Steven Biver na Paul Fuqua, kilitoka mara ya kwanza 1990 na wameendelea kukipiga chapa. Cha mzee jalada limeshikwa kwa selotepu. Ukikiagiza kipya, bei na nauli yake vinakaribia kununua flashi nyingine na betri. Hakina hadithi. Hakina Nikon wala Canon. Hakisemi una dari au huna. Kinaeleza tu mwanga ukigonga kitu unafanya nini, halafu kinakuacha na chupa, na chuma, na sura za watu. Nilikisoma kurasa tatu nikalala. Nikaamka nikasoma tena zilezile. Lakini mle ndimo nilimomkuta shangazi.

Mng'ao ni pembe. Kila kitu kinachong'aa kina familia yake ya pembe, taa ikikaa ndani ya familia hiyo, unaiona taa yenyewe juu ya kitu. Paji la uso ni la mviringo, kwa hiyo taa popote utakapoiweka lazima kipande fulani cha paji kiione. Ongeza jasho la turubai. Ongeza mafuta. Na ngozi nyeusi, wanasema, hairudishi mwanga mwingi wa kawaida, ndiyo maana ule mng'ao unajitokeza zaidi. Ukitumia kitaa kidogo cha juu ya kamera, mng'ao unakuwa nukta kali. Hauondolewi kwa poda peke yake. Unaikuza taa. Unaweka mwavuli mweupe mkubwa, unausogeza karibu, ule mng'ao unatandazika usoni, unakuwa ndio umbo la uso, shavu linaonekana shavu. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mng'ao, ukiwa mpana. Hata miwani ya bibi mmoja niliyempiga picha, iliyotoka na majua mawili, ni pembe tu. Inua taa, au mwambie ainamishe kidevu.

Nikaelewa. Kweli nikaelewa. Nikamweleza mke wangu usiku ule, kwa mikono, kwa kutumia taa ya simu na paji langu. Akasema sawa, na vibanio vyangu viko wapi.

Kwa hiyo ukiniuliza ununue kipi, nakwambia hicho cha selotepu kwanza, na cha Peterson kama hisabati inakuumiza kichwa. McNally kisome ukiwa na huzuni. Mimi cha selotepu sinacho tena. Dogo alikiomba jioni moja, mara moja tu, anko. Kitambulisho changu mpaka leo kiko kabatini kwa mzee na kitabu kiko kwa dogo, na nikimuuliza anasema yuko sura ya vioo, anakirudia. Amenunua mwavuli mweupe wa Kariakoo. Amepata mti wa fagio refu. Ameanza kusema "familia ya pembe" mbele za wateja.

Na kamati ileile, yenye mweka hazina yuleyule, imempa harusi ya Mbezi. Bei yake nimeiona kwenye grupu, hawajanitoa bado. Sikuipenda ile bei. Wamempa na malipo ya awali! Dogo akaja kwangu juzi, akanisalimia vizuri tu. "Anko, Jumamosi una kazi?" Nikamwambia nina kazi nyingi sana. "Kuna elfu thelathini ya kunishikia mwavuli." Nikamwambia mimi ni mpiga picha. Akasema kuna na sahani.

Tulifanya mazoezi jana uani. Shangazi wa kukodi alikuwa mama mwenye nyumba. Nimeshika mti, mkono unatetemeka, jasho linaniingia machoni, dogo amepiga goti moja, haniangalii hata.

"Anko, juu kidogo. Kushoto. Anko, kushoto kwako. Sasa tulia, usiongee."